MBWA NA NJIA YA MLIMA

Sisi watu wa Butembo ni watu wa milima. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,700 kupita usawa wa bahari. Mtoto akienda kuteka maji, anateremka. Akirudi na mzigo mgongoni, anapanda. Shamba la mama liko ng'ambo ya bonde, na shule iko juu ya kilima kingine.

Mara nyingi mbwa wa nyumbani anatufuata. Hakuna mtu aliyemwita. Anakimbia mbele, anarudi nyuma, anaingia majanini, ananusa kila kijiti. Mtazameni vizuri siku moja. Mtu akikipanda kilima mara moja, mbwa amekipanda mara mbili.

Kwa sababu hiyo wengi wanasema: «Mbwa hachoki. Mbwa haanguki. Mbwa anajua njia.» Je, ni kweli? Na mtu akitaka kwenda mbali, katika njia nyembamba yenye mwamba upande mmoja na shimo upande wa pili, ampeleke mbwa wake au amwache nyumbani? Swali hili si la mchezo. Mtu akilijibu vibaya, anaweza kumpoteza mbwa wake, na pengine yeye mwenyewe asirudi.

1. Mwili wa mbwa

Tuanze na mguu. Mtu anakanyaga kwa wayo mzima, tangu kisigino hata vidole. Mbwa anakanyaga kwa vidole tu. Chini ya kila kidole kuna ngozi nene na laini, kama soli ya kiatu. Soli hiyo inamfaa katika udongo na majani. Lakini katika mawe makali inachanika, na mbwa hana kiatu kingine cha kubadili.

Tazameni tena kucha. Paka anaficha kucha zake, na anazitoa akitaka kupanda mti. Mbwa hawezi kuzificha. Zinasagika chini kila siku mpaka zinakuwa butu. Ndiyo sababu paka yuko juu ya mti, na mbwa yuko chini akibweka. Juu ya mwamba wenye maji, kucha butu hazishiki kitu.

Jambo la pili ni uzito. Mbwa akisimama mahali pa sawa, miguu ya mbele inachukua zaidi ya nusu ya uzito wake. Akiteremka, uzito unazidi kusukumwa mbele. Kwa hiyo mbwa anaweza kupanda mahali asipoweza kuteremka. Anapanda kwa furaha. Kisha anageuka, anatazama chini, anatetemeka na kulia.

Jambo la tatu ni joto. Mtu akifanya kazi, jasho linamtoka mwili mzima. Mbwa anatoka jasho chini ya miguu tu, na hilo halitoshi. Basi anafungua kinywa, anatoa ulimi na kutweta. Maji ya ulimi yanakauka na kuondoka pamoja na joto la mwili. Hivyo mbwa mwenye kupanda mlima anahitaji maji mengi kama mtu, lakini hawezi kubeba chupa. Mkimwona anatweta bila kutulia, mate yake ni mazito na miguu inayumba, joto linamshinda. Mpelekeni kivulini, mpeni maji, mmwagieni maji miguuni na tumboni. Msimlazimishe kuendelea, maana atakufa.

Jambo la nne ni kubwa kuliko hayo yote. Mtu aliyechoka anasema: «Nimechoka, tupumzike.» Mbwa hasemi. Anampenda bwana wake, naye atamfuata mpaka aanguke. Basi bwana ndiye anayepaswa kufikiri kwa ajili ya wawili.

2. Njia ya Ruwenzori

Kaskazini-mashariki ya kwetu, katika nchi ya Beni, iko milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda. Kilele chake kinaitwa Margherita, na urefu wake ni mita 5,109. Watu wa kwanza wanaojulikana kufika pale ni Luigi Amedeo kutoka Italia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, pamoja na wenzake, tarehe 18 Juni 1906. Wao walipitia upande wa Uganda. Mwaka 1932 Wabeljiji walioongozwa na Xavier de Grunne walichunguza upande wa magharibi, ndio upande wetu.

Njia ya upande wetu inaanza Mutwanga, chini ya mlima. Vita vya miaka hii vimewazuia wasafiri mara kwa mara, lakini mlima haukubadilika. Kwanza kuna mashamba, halafu msitu mkubwa. Kituo cha kwanza ni Kalonge, kwenye mita 2,100 hivi. Cha pili ni Mahangu, kwenye mita 3,300 hivi. Cha tatu ni Kiondo, kupita mita 4,200. Kwa siku tatu mtu anapanda zaidi ya mita 3,000.

Tumfikiri kijana anayepanda njia hiyo pamoja na mbwa wake. Asubuhi ya kwanza mbwa anafurahi. Ndani ya msitu anasikia harufu ya paa na nyani, naye anavuta kamba. Baadaye wanafika penye mianzi, halafu penye mizizi mikubwa iliyofunikwa na kuvu za kijani zilizoshiba maji. Kati ya mizizi kuna matundu. Kijana anashika miti kwa mikono yake miwili na kujivuta. Mbwa hana mikono. Mguu wake ukiingia katika tundu wakati mwili unakwenda mbele, mfupa unavunjika.

Juu zaidi kuna matope yanayofika magotini. Matope yanayofika magoti ya mtu yanafika tumbo la mbwa. Usiku ni baridi kali, na mbwa wa kwetu ana manyoya mafupi. Juu kabisa kuna barafu, na barafu ina nyufa ndefu. Kijana aliyefundishwa anapiga barafu kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Mbwa hajui.

Sasa, mbwa huyo akivunjika mguu penye mizizi, nani atambeba? Mbwa wa kadiri ana kilo 15 au 20. Kijana amekwisha kubeba chakula na blanketi, na mikono yake inahitajika kwa kushika miti. Hapo ndipo anapotambua kwamba swali lake lilipaswa kuulizwa nyumbani, si mlimani.

3. Kamba ni msaada au mtego?

Wengine watasema: «Tumfunge mbwa kamba.» Ni shauri zuri katika njia pana. Kamba inamzuia asifukuze mbuzi wa watu, wala asiume watoto wa kijiji.

Lakini katika njia nyembamba kamba ina hatari yake. Mbwa akiteleza, anamvuta mtu. Mbwa akimwona paa, anaruka ghafula, na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe anaruka naye. Kwa hiyo wenye akili hawafungi kamba kiunoni wala hawaizungushi mkononi. Wanaishika kwa kiganja tu, ili waweze kuiachilia.

Je, tumwachilie basi bila kamba? Hapo anafukuza wanyama na kupotea. Au anapita mbele na kuangusha mawe juu ya wanaomfuata. Katika nchi yenye chui, mbwa anayekimbia peke yake ni chakula. Chui anapenda sana nyama ya mbwa.

Tazameni: kamba ina hatari, na kukosa kamba kuna hatari. Kama njia ni mbaya kiasi hicho, jibu liko wazi. Njia hiyo si ya mbwa.

4. Mazuku

Karibu na Goma na Sake, chini ya milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira, kuna hatari nyingine ambayo mtu haioni. Watu wa kule wanaiita mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini, iitwayo dioksidi ya kaboni. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini, katika mashimo na mabonde madogo, kama maji yanavyokaa ndani ya bakuli. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inazidi.

Mtu mzima anapita na kichwa chake kiko juu ya hewa hiyo. Mbwa anapita na pua yake iko karibu na udongo, ndani ya hewa hiyo. Mbuzi na mbwa wanakufa mahali ambapo mtu mrefu amepita salama. Watoto wadogo nao wako hatarini, kwa kuwa ni wafupi.

Sasa sikilizeni neno hili vizuri. Mbwa akianguka ghafula katika shimo pasipo jeraha, moyo wako utakuambia: «Mkimbilie, umwinue.» Lakini ukiinama, kichwa chako nacho kinaingia katika mazuku. Utapumua mara chache, nguvu zitakuisha, na utalala karibu naye. Usishuke. Panda mahali pa juu na uwaite watu wakubwa.

5. Parki ya Virunga

Njia ya Ruwenzori na njia ya Nyiragongo zote mbili zinapita ndani ya Parki ya Virunga. Parki hiyo ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, nayo ni ya kwanza katika Afrika yote kuitwa parki ya taifa. Sheria ya Kongo ya mwaka 1969 ilikataza kuingiza mbwa ndani ya parki. Ilimtaja mbwa pamoja na mitego na bunduki. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni uwindaji. Mbwa anafukuza wanyama hata bwana wake asipotaka. Sababu ya pili ni magonjwa. Mwaka 1994, kule Serengeti katika Tanzania, ugonjwa wa mbwa uliingia kwa simba. Katika muda mfupi simba karibu elfu moja walikufa, yaani mmoja katika kila watatu. Wenye elimu walifuata chanzo chake, wakaona kwamba ugonjwa ulitoka kwa mbwa wa vijiji vilivyo kando ya parki. Hakuna simba aliyeumwa na mbwa mkali. Mbwa mgonjwa mwenye upole anatosha.

Ugonjwa mwingine ni kichaa cha mbwa. Huo unaua mbwa, wanyama wa porini na watu pia. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini unazuilika kwa chanjo. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, tarehe 6 Julai 1885, na mtoto yule akapona. Basi mbwa anayetembea mbali na nyumbani achanjwe kwanza. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

6. Mbwa wenye kazi milimani

Mtasema: «Lakini tumesikia habari za mbwa waliookoa watu milimani.» Mmesikia vema. Kati ya Uswisi na Italia kuna njia ya juu iitwayo Grand-Saint-Bernard, yenye mita 2,469. Tangu karne ya 11 watawa wanakaa pale na kuwapokea wasafiri. Katika karne ya 17 walianza kufuga mbwa wakubwa wenye manyoya mazito. Mbwa hao walifundishwa kufuata njia katika ukungu na kunusa watu waliofunikwa na theluji. Mmoja aliitwa Barry, naye alizaliwa mwaka 1800. Inasemwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40. Leo helikopta zimechukua kazi yao.

Hata kwetu wako mbwa wa namna hiyo. Tangu mwaka 2011 walinzi wa Parki ya Virunga, kule Rumangabo, wana mbwa wa kunusa. Wanafuata nyayo za majangili, na wanaweza kutafuta watu waliopotea.

Na katika msitu wa Ituri, Wambuti wanawinda na mbwa wadogo wasiobweka. Kwa kuwa mbwa hasikiki, wanamfunga kengele ya mti shingoni, ili wajue yuko wapi hata wasipomwona.

Mnaona tofauti? Mbwa wa Grand-Saint-Bernard ana mwili wa baridi. Mbwa wa Rumangabo amefundishwa, na mlinzi wake amefundishwa pamoja naye. Mbwa wa Wambuti amezaliwa katika msitu ule ule, na ana kengele yake. Kila mmoja yuko mahali pake na ana kazi yake. Mbwa wetu anayelinda nyumba na kuku ni hodari vilevile, lakini kazi yake ni nyingine.

7. Tuhukumu namna gani?

Hatusemi kwamba mbwa asipande kilima kamwe. Mbwa anasikia na kunusa mambo tusiyoyajua, na kutembea naye ni furaha. Katika njia za kila siku, za shamba na za kisimani, mwache afuate. Lakini kabla ya njia ngumu, jiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, naweza kumbeba mbwa huyu kurudi naye? Kama huwezi kumbeba katika njia hiyo, usimpeleke katika njia hiyo.

La pili: Je, ananitii? Mjaribu nyumbani. Mwite wakati anapofukuza kuku. Akirudi mara moja, ni vizuri. Asiporudi kwa ajili ya kuku, hatarudi kwa ajili ya paa.

La tatu: Je, njia inamruhusu? Kama kuna mwamba wa kupanda kwa mikono, mazuku, barafu, au sheria inayokataza, abaki nyumbani. Abaki pia mbwa mchanga ambaye mifupa yake haijakomaa, mbwa mzee, mbwa mgonjwa, na jike mwenye mimba.

Na kama mbwa ameponyoka na kushuka katika genge, ufanye nini? Utamsikia akilia chini, na kilio hicho kinauma moyo. Watu wengine wamekufa kwa sababu ya kilio hicho. Walishuka kumfuata mbwa, wakaanguka. Usishuke peke yako. Mwite kwa sauti ya upole, ili asirukeruke. Weka alama mahali pale. Acha kitambaa chenye harufu yako, kwa maana mbwa akipata njia ya kupanda atafuata harufu hiyo na kukungoja. Kisha nenda ukawaite watu wakubwa wenye kamba.

Wazee wanasema: «Mbwa hafi maji akiona ufuko.» Maana yake, anayeuona mwisho wa taabu anapata nguvu ya kuufikia. Ni kweli katika mto. Lakini katika genge hakuna ufuko. Aliyempenda mbwa wake alimfungia mlango asubuhi, akamwachia maji na chakula, akamwambia jirani amtazame. Mbwa alilia kidogo. Jioni bwana alirudi akiwa mzima, na mbwa mzima akamlaki njiani.

MASWALI

1. Kwa nini paka anapanda mti na mbwa hapandi?
2. Mbwa anapoozaje mwili wake? Utajuaje kwamba joto linamshinda?
3. Kwa nini mazuku inamwua mbwa kabla ya mtu mzima? Ufanye nini ukimwona mbwa ameanguka ndani yake?
4. Simba wa Serengeti walipataje ugonjwa mwaka 1994?
5. Eleza kwa maneno yako hatari za kamba, na hatari za kukosa kamba.
6. Fikiri njia moja ngumu karibu na kwenu. Je, ungempeleka mbwa? Jibu kwa kufuata maswali matatu ya somo.

MANENO

Butu: isiyo kali.
Genge: ukingo wa mlima ulioteremka ghafula.
Kutweta: kupumua upesi upesi kinywa kikiwa wazi.
Majangili: watu wanaowinda kwa siri mahali palipokatazwa.
Ufuko: ukingo wa maji, nchi kavu.